Gari Lako Lisiuzwe, Ngolo

S.L.P. 214,
Kihesa, Iringa.
8 Oktoba 1975

Mpendwa mdogo wangu Ngolo,

Upepo wa Kihesa unakusalimu, nasi tuliomo ndani yake tunakusalimu zaidi. Je, kifua kimepoa? Huko Budapest unapata ugali, au umekwisha kuzoea viazi vyao? Sisi ni wazima. Mke wangu Leokadia ameacha kukohoa, na watoto wanakua kuliko viatu vyao. Ni macho ya Mama tu. Ukungu umezidi, na siku hizi huwatambua ndama kwa kuwapapasa.

Sasa nikugombeze. Barua yako ya kukubali gari lako liuzwe kwa fundi Eliezeri kama chuma chakavu nimeisoma mara mbili, kisha nikaifungia sandukuni. Unasomea utabibu wa mifugo, lakini umesaini cheti cha kifo bila kumwona mgonjwa!

Daktari wa macho atafika Mbeya Jumanne ijayo, tarehe 14, na harudi tena mpaka mwakani. Mara iliyopita Mama alisimama barabarani Rujewa tangu asubuhi, basi likampita limejaa, akarudi nyumbani na bahasha ya hospitali mkononi. Safari hii nilimwahidi gari lako. Ndipo wiki tatu zilizopita likakataa kuwaka.

Eliezeri alifunua boneti, akachungulia chini, akajipangusa mikono. "Mwalimu, giaboksi imekufa," akasema. "Angekuwa ng'ombe ningekwambia umchune ngozi." Vijana wake wakacheka, maana wanajua sisi ni watu wa ng'ombe. Papo hapo akatafuta anwani yako, akuombe alinunue.

Mimi sikucheka. Mtu anayetangaza msiba kisha anaomba urithi, namtilia shaka. Nilipouliza nikaambiwa kuna mwenye mbao wa Mafinga ana gari kama lako, limepondeka ubavu. Leokadia naye alimkuta Eliezeri akipima milango yetu kwa futi. Giaboksi imekufa, milango anaipimia nini? Nikaandika barua kwa mhariri wa gazeti juu ya wanyonyaji wa gereji, kurasa nne, nikamtaja kwa jina.

Halafu nikachukua kile kitabu cha Kiingereza ulichokiacha chini ya kiti, nikakisoma kama mtu asomavyo hotuba ya mpinzani wake, nikitafuta uongo. Nikajifunza kwamba gari hili lisilo na klachi, linalojibadilishia gia lenyewe, haliwaki mpaka mkono wa gia uwe mahali pa kusimama. Chini ya mkono huo kuna swichi inayoipa stata, ile mota ya kuamsha injini, ruhusa. Swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa ya rivasi.

Nikafunga waya mbili kwenye balbu ndogo, nikaanza kuhoji mashahidi. Betri ilikuwa nzima. Nilipopeleka umeme moja kwa moja kwenye stata, ikazunguka na gari likawaka. Nikaliendesha hadi sokoni na kurudi, na gia zote zikaingia bila ubishi. Maiti gani huyo anayekwenda sokoni? Lakini nilipoliweka rivasi, taa ya nyuma haikuwaka. Balbu yangu nayo ikaonyesha umeme unaingia kwenye swichi na hautoki.

Nikaifungua swichi mbele ya Eliezeri, nimemwita makusudi aone aibu yake. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani, na katikati ya kutu, Ngolo, mbegu za nyanya.

Wajua kila nipitapo Ilula siwezi kurudi bila tenga la nyanya. Tenga hilo huliweka mbele, kati ya viti, lisipondwe na mizigo. Miaka miwili nimekuwa nikiimwagia swichi yako mchuzi.

Eliezeri aliziangalia mbegu, akaniangalia mimi. "Kumbe ng'ombe alikuwa amelala, Mwalimu. Mchungaji ndiye aliyemlevya." Akaisugua swichi kwa msasa, akairudisha, na gari likawaka kwa ufunguo. Alikiri hajawahi kufungua giaboksi ya aina hii, na kwamba aliona haya kusema tangu mwanzo. Nikamwomba radhi mbele ya vijana wake, na jana nikampelekea mhariri barua ya pili ya kuifuta ya kwanza. Hata hivyo, habari ya ile futi bado hajanieleza, nami bado nangoja.

Kwa hiyo usimwandikie tena habari za kuuza. Barua hii itakapokufikia, Mama atakuwa amekwisha kupasuliwa. Jumatatu nampitia Rujewa. Atakaa kiti cha mbele, na katikati yetu nitaweka bahasha yake ya hospitali. Nyanya zitapanda juu ya paa.

Mjomba Bujiku na shangazi Mbuke wanakusalimu sana. Mungu akulinde na baridi, na akulinde na kuamini haraka.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bartolomeo Budeba