Bwana wa Vita Aliyeficha Kifo Chake

Al-Rawdah, Jeddah
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Sellah,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. U hali gani? Goti lako linaendeleaje? Natumaini mlivuna mahindi kabla mvua haijayaharibu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafua, napiga pasi. Ukiniuliza ninavyojisikia, sijisikii chochote, na sijui kama huo ni ugonjwa.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu za huko nyumbani zinapita mikono mingi. Barua hii anakuletea Maryann, yule anayefanya kazi nyumba ya jirani, anakuja likizo. Nimemwambia akupe wewe mwenyewe, asimwachie ndugu yangu Morgan wala Mama.

Kazi si mbaya. Madam amepunguza kelele tangu nitolewe jikoni nikapewa kumtunza baba mkwe wake. Mzee huyu alikuwa mhandisi wa maji, akafanya kazi na Wajapani miaka mingi, na sasa macho yamemwishia. Mimi namwita Baba, kama wote hapa wanavyomwita. Kila siku baada ya swala ya alasiri namsomea kitabu kinene cha Kiingereza alichopewa na hao Wajapani wake. Nikikosea majina anacheka mpaka anakohoa. Ungenisikia nikiyatamka, Shangazi, ungedhani nafukuza kuku.

Kitabu kinaeleza maisha ya mtu aliyeitwa Takeda Shingen, bwana wa vita wa nchi ya milima, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Alipofika miaka ishirini hivi alimfukuza baba yake mzazi, akamfungia mpaka, na yule mzee hakurudi nyumbani mwanawe akiwa hai. Nilifikiri nitamchukia. Lakini mtu huyo huyo alijenga kingo za mito ili mafuriko yasibebe mashamba ya watu, na baadaye akanyoa kichwa kama mtawa. Alipigana na jirani yake mmoja, Kenshin, mara tano mahali pamoja, na mshindi wa kweli hakupatikana. Ndugu yake alifia hapo. Alimshuku mwanawe mkubwa kwamba anataka kumpindua, akamfungia, na kijana akafa akiwa kifungoni. Nilisoma yote hayo kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Jumatatu tulifika anapokufa. Aliugua akiwa vitani, akajua haponi, akaagiza kifo chake kifichwe miaka mitatu ili maadui wasivamie. Inasemekana aliacha mamia ya karatasi tupu zenye sahihi yake, ili barua zikija zijibiwe kana kwamba yuko hai.

Hapo kidole changu kikasimama kwenye mstari. Mzee akasema, "Yalla, binti, mbona umesimama?" Nikamjibu, "Mafi mushkila, Baba," yaani hakuna shida, nikaendelea kusoma.

Shangazi, tangu mwisho wa Agosti baba yangu ananiandikia ujumbe. Baba yangu, ambaye tangu nije huku alinitumia sauti tu, akianza kwa kuuliza kama hiki kidude kinanasa. Sasa anaandika, na nukta anaweka. Nikipiga, amelala. Nikipiga tena, ameenda kusagisha mahindi. Nilikubali, kwa sababu kukubali ni rahisi.

Halafu wiki tatu zilizopita ukanitumia picha ya siku ya wazazi shuleni kwa mdogo wangu Velma. Uliandika kwamba Baba alibaki na ng'ombe. Mama amenyoa. Velma na Morgan wamenyoa. Na wewe Shangazi, unayeshinda kwa msusi kutwa nzima na kuitukana mvua ikikunyeshea, umenyoa mpaka kipara kinang'aa. Mlisahau. Mmezoea kuonana hivyo kila siku, hamkukumbuka kwamba mtu wa kwetu akiona nyumba nzima imenyoa, anajua wametoka kuzika.

Nilimpigia mwanao Wesley kule Riyadh nikamuuliza wazi. Alikuwa mtaa wa Sulimaniyah, anapeleka vyakula vya mkahawa. Akasema, "Selipher, maliza tu kontrakti, sista." Akaanza kunieleza habari za joto. Huyo mtoto wako hata kudanganya hajui.

Sijakasirika. Najua mlivyowaza. Nikijua, nitataka kuja, kafili, mwajiri mwenye viza yangu, atakataa, nitatoroka nikalale chini ya daraja la Kandara hapa Jeddah bila ikama, kibali cha kuishi, kama wengine. Labda ni Baba mwenyewe aliyeagiza. Kama ni yeye niambie, nitaheshimu.

Lakini Mzee aliniambia siri ile haikudumu. Yule Kenshin, adui wa miaka yote, husimuliwa kwamba habari ilimkuta akila, akaweka chini chakula akalia kwa sauti. Nilimwonea wivu. Adui alipata kulia. Mimi hakuna aliyeniambia. Namwogesha mzee wa watu, namkata kucha, namwita Baba, na ndani kumekufa ganzi. Nitamliliaje mtu ambaye bado ananiandikia usiku mwema?

Nakuomba jambo moja. Nipigie Ijumaa ijayo saa nane mchana, Mzee anapolala. Usianze na habari za mvua. Taja jina lake, na siku aliyoondoka, na nani alikuwa naye, na mlimlaza upande gani wa nyumba. Nitasikiliza kama mtu anayeambiwa mara ya kwanza. Na ile simu yake, izimeni.

Pole, Shangazi. Alikuwa kaka yako kabla hajawa baba yangu, na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuandika kwa jina lake; nukta zile ni zako, nazijua.

Nisalimie Mama, mwambie sina hasira naye. Msalimu Velma, akaze masomo, na Morgan, asimwache Mama peke yake jioni. Mungu awafunike nyote hapo nyumbani. Baba, kwa mara ya kwanza tangu nijue kuandika barua, simsalimii.

Ni mimi nikupendaye, binti wa kaka yako,
Selipher