Ubao wa Mwisho Sikuupiga

Dada Koku mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama, wewe na shemeji, na kwamba kikohozi cha Baba kimepungua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Lakini wewe dada yangu ukipokea simu unaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie, na haya nataka uyasome peke yako kwanza.

Mwanza ni kuzuri, sikatai. Samaki nakula mpaka naona aibu. Ila Jumapili asubuhi nawakumbuka mno. Nakumbuka ndizi zikiiva ndani ya majani ya mgomba, nyasi mbichi ulizotandaza sakafuni, na Baba akiomba sala ndefu mpaka chakula kinapoa, huku wewe ukinifinya nisisinzie. Siku hizi hakuna wa kunifinya, na usingizi wenyewe wa sala umenikimbia.

Unajua tangu nije nimekuwa kwenye karakana ya mitumbwi hapa ufukweni. Mwezi uliopita tulikuwa tunamalizia mtumbwi mkubwa wa tajiri mmoja wa dagaa. Fundi mkuu, Mzee Magesa, akasema ubao wa mwisho wa mbele nitaupiga mimi. Usione ni jambo dogo. Anayepewa ubao huo basi ameacha kuwa msaidizi. Mtumbwi unaofuata anaujenga kama fundi. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Kesho yake tajiri akaja na mganga, na hirizi imefungwa kwenye kitambaa cheusi. Ndiyo desturi yao: hirizi inakaa nyuma ya ubao ule ili dagaa waje kwa wingi, na anayepiga misumari anataja jina la mwenye mtumbwi na kuiomba mizimu ya ziwa. Nilipokuwa msaidizi nilibeba mbao tu, hakuna aliyenihitaji kwa hayo. Sasa wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikasema, "Mzee, ubao nitaupiga. Hiyo itoeni kwanza."

Walicheka! "Mchungaji wa Bukoba huyo!" "Basi tumwite malaika aje apige randa!" Kicheko nilikivumilia. Aliyeniuma ni Masanja, msaidizi mwenzangu na rafiki yangu, ninayekaa naye chumba kimoja na kuimba naye kwaya moja. Alinivuta pembeni.

"Acha ushamba, bwana. Hapa karibu wote tumebatizwa. Tamka tu hayo maneno, moyoni mwombe Mungu wako. Nani atakuuliza?"

"Masanja, nikipiga msumari nautazama. Mkono ukiwa hapa na moyo kwingine, nitajiponda kidole."

"Yaani upoteze kazi kwa sababu ya kitambaa?"

Niliuangalia mtumbwi ule, kila ubao wake naujua, nikatamani sana. Halafu nikamrudishia Mzee Magesa nyundo aliyonipa, kwa mikono miwili. Hakukasirika. Alinionea huruma, na hiyo ilinichoma kuliko kicheko. Akampa Masanja. Masanja akapiga ubao, akatamka maneno, mbuzi akachinjwa, mimi nikaenda zangu kuosha brashi za rangi. Siku iliyofuata nikaambiwa nisirudi, maana wenye mitumbwi hawamtaki fundi wa mkosi.

Sasa nashinda Buhongwa, pembeni ya mji, natengeneza fremu za milango kwa seremala mmoja. Ugali napata. Lakini mlango hauingii majini, dada, na nikipita ufukweni nageuza uso. Usidhani najiona mtakatifu; siku nyingine najiona mjinga tu. Na Masanja bado tunapika pamoja na kusali pamoja, ila hilo hatuligusi.

Shida yangu ni Baba. Najua ametangaza kuanzia sokoni hadi kanisani kwamba mwanawe ni fundi mitumbwi Mwanza, na watu watamuuliza. Nimejaribu kumwandikia yeye, nikashindwa.

Nisalimie shemeji na utani wake, shangazi yetu muuza kahawa, na mdogo wetu wa mwisho, aache kucheza asome.

Baba mtafutie saa ametulia, umsogelee, umwambie polepole. Akiuliza kama nimefukuzwa, usitazame chini. Mwambie nilikataa.

Mdogo wako akupendaye,
Mugisha