Kopo la Kwanza kwa Mama Nelly

Jumapili, 7 Julai 1996

Saba Saba. Mashine ya kukoboa mpunga ninakofanya kazi imefungwa, mimi nikaenda zangu kuonja. Komoni, pombe yetu ya mahindi, ya Luciana wa Mofu: nyeusi, ndiyo. Hata maji ya kudekia ni meusi. Povu jembamba, ukali wa kujifanya, na mwishoni inakuachia ladha ya kambare mdomoni. Nikamwambia. Akasema basi nikanywe soda. Watu wawili waliokuwa na makopo mkononi wakayaweka chini — wameshaniona uso. Nisijisifu, lakini vilabuni huku watu hawaiangalii pombe, wananiangalia mimi.

Hapa Lumemo hakuna kama ya Mama Nelly. Mahindi anayakaanga mpaka yanakaribia kuungua, anaepua hapo hapo. Nyeusi, nzito, chungu kidogo, na inakaa kichwani kwa adabu. Huo ni ukweli mtupu, wala sisemi kwa sababu nataka kumwoa. Nataka kumwoa, lakini hilo ni jambo jingine.

Jumanne, 9 Julai

Balaa. Mama Nelly ameokoka! Ule mkutano wa injili wa wiki iliyopita. Nimemkuta anakaanga mahindi ya pombe huku anaimba mapambio. Nikauliza, sasa mama, hii biashara? Akasema atapika mpaka binti yake amalize fomu foo, ila kuonja hataonja tena, hata kwa ncha ya ulimi. Yaani umeokoka mdomo, mikono bado. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Halafu nikaacha kucheka. Mwenye pombe ndiye anayekunywa kopo la kwanza mbele ya wateja, waone kwamba haina kitu. Asipokunywa, hata mlevi wa kutupwa anakumbuka ana kazi nyumbani.

Alhamisi, 11 Julai

Yametokea. Jana alifungua pipa alilopika kabla hajaokoka, hakuonja, watu wakakaa wanatazama povu mpaka likaisha. Kasmiri — yule dereva wa trekta, miwani ya jua hata ndani ya kilabu — akasema kwa sauti kwamba siku hizi ukitaka kufa huendi mbali. Pombe nzuri kabisa ile! Wameinywa nguruwe wa jirani yake, Hermenegildi. Nguruwe hawana mila.

Leo nimepita kumpa pole. Macho mekundu. Akasema pipa la Jumamosi likimwagwa nalo, Nelly atabaki nyumbani muhula huu kwa kukosa ada, na akibaki muhula mmoja, basi tena. Nikasema, si aonje mtu wa nyumbani kwako? Akaniuliza nyumbani kwake kuna nani, marehemu? Aibu zilinishika kama kijana. Kisha akasema, huku anakoroga, haniangalii: si wewe Telesphory unajua kuonja?

Anayeonja kwa niaba ya mama mwenye pombe ni mumewe, au mwanawe wa kiume. Mwanawe siwezi kuwa, nina mvi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepiga pasi shati. Nimemwona Kasmiri kwa kinyozi, ananyoa ndevu. Ana lake jambo huyo.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nyuma ya choo cha kilabu. Kopo nimeliweka juu ya tofali. Nimeaga kwamba naenda haja ndogo.

Kilabu kimejaa, mpaka Ngusa na wenzake waliotoka kuuza ng'ombe mnadani wamo. Mama Nelly akachota, akapiga goti, kopo la kwanza akanipa mimi. Mimi! Minong'ono kila kona. Kasmiri akavua miwani. Nilifurahi. Nikanywa.

Imeungua. Makaa matupu. Tena imechachuka kupita kiasi, inakwangua koo. Kumbe ufundi wake wote ulikuwa kwenye ulimi — alikuwa anatafuna punje moja moja jikoni, anaonja uji, anaonja kimea. Sasa anapika kwa maombi.

Uso nikaukaza kwa nguvu zangu zote. Naye ananitazama, na kilabu kizima kinanitazama. Nikasema nimepaliwa, na haja ndogo imenibana. Nikatoka na kopo langu.

Nikisema nzuri, watakunywa, watatema, na kuanzia leo hakuna atakayeniamini tena kutoka hapa mpaka Mngeta. Nikisema mbaya, itamwagwa, na atakayekuwa ameimwaga ni mimi. Bonde zima nimewasema wapika pombe, nimewacheka mpaka wengine wamelia. Leo ningetoa chochote niwe mtu asiyejua kuonja. Nimeonja tena, huenda nilikosea. Sikukosea.

Kasmiri namsikia anauliza mbona mtaalamu harudi, au ndiyo imeshamkuta? Wanacheka. Halafu anasema kama ni kuonja tu, hata yeye anaweza, mama amchotee. Mabenchi yanakwaruza chini, wengine wanaondoka. Huyu akinywa, atasema kweli kwa furaha.

Mama Nelly ametoka mlangoni. Hajamchotea. Anaita huku chooni, kwa sauti ya watu wote kusikia, na hakuna anayecheka tena. Hasemi Telesphory. Anasema: Baba Nelly, njoo uwaambie watu.