Randa ya Baba Yako Haikati

Mwanangu fundi,

Nyumba hii hakuna anayenoa kisu cha randa kunishinda. Haya, nyumba hii naishi peke yangu.

Chai iko kwenye chupa. Mkoba wako wa vifaa umeusahau, kwa hiyo najua utarudi. Nimekwenda kununua mafuta ya kupaka randa ya marehemu baba yako. Ukinikosa, ~~nenda zako tu~~ ningoje.

Nisikufiche. Kutu ya randa hiyo niliimaliza mwezi uliopita, kwa mikono yangu hii. Ila kisu kikiwa kikali, Jumamosi huji. Unapiga simu, "Mama, salama?" nami nasema salama. Kikiwa butu unakuja kukinoa, unakaa karakanani mpaka mchana, unanitania kama baba yako. Ndiyo maana leo umenikuta nimechuchumaa kizingitini, nakikwaruza kwenye saruji.

Usinune. Nilipokwambia natoa kutu uliniuliza taratibu, "Kutu gani, Mama? Jana kwenye simu si ulisema hakikati, lakini kinang'aa mpaka unajiona meno?"

Mama yako, mwenye meno manne