Sahihi za Mdakaji Hrabovsky

Youngstown, Ohio
3 Juni 1991

Mwanangu Marta,

Natumaini wewe na Ray mko wazima na joto la huko Tucson halijawakausha. Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha kila asubuhi kwamba nilichuchumaa nyuma ya wapigaji nikidaka mipira ya besiboli miaka kumi na miwili. Juzi ulipopiga simu nilisikia neno moja tu, "kuku". Tuendelee kuandikiana, maana masikio yangu siku hizi yamebaki mapambo.

Nina habari za kukuchekesha. Wakati mama yako alipokuwa hai, nilikuwa napata barua tatu nne kwa mwezi kutoka kwa wapenzi wa besiboli. Tangu afariki miaka miwili iliyopita, zinakuja mafungu yaliyofungwa kwa raba, na mama anayeleta posta ananiuliza kama nagombea ubunge. Watoto wanaandika, wenye mvi wanaandika. Wote wanatuma kadi yangu ya mwaka 1955, ile ya picha iliyokuwa inauzwa na chingamu, ambayo masikio yamenitangulia kufika pichani. Wanaweka na bahasha ya kurudishia, yenye stempu kabisa. Nadhani ni huu wazimu wa kadi za zamani ulioingia nchini. Ninatia sahihi asubuhi nikinywa kahawa, na kila mmoja namwandikia mstari.

Wengine hutuma kadi za wenzangu wakitaka kujua walikuwa watu wa namna gani. Bwana mmoja ametuma ya Sobczak. Nyuma imeandikwa "mrushaji mtulivu". Nimemwandikia kwamba huyo mtulivu alikuwa anatapika nyuma ya choo kabla ya kila mchezo, anajifuta mdomo, kisha anaingia uwanjani na kuwaaibisha watu. Huo ndio utulivu ninaoujua.

Septemba kanisa letu litafanya maonyesho ya kadi kwenye ukumbi wa chini. Wameniomba niketi mezani nitie sahihi. Nimeshanunua shati.

Msalimie Ray.

Ni mimi baba yako


Tucson
14 Juni 1991

Baba yangu mpendwa,

Tumeipokea barua yako tukiwa salama, na nimemsomea Ray habari za Sobczak mpaka akaweka uma chini. Vipi goti, bado unalipaka ile dawa inayonuka? Na hilo shati ni rangi gani? Nakujua. Kama ni la mistari, lirudishe dukani kabla Bi. Vargo wa kanisani hajakusema.

Nikwambie jambo ambalo sikulisema kwenye mazishi. Mama alipotutoka niliogopa kwamba utakaa jikoni ukitazama ukuta, na wewe nikupoteze. Kila nikiambiwa kuna simu kutoka Ohio, moyo ulikuwa unashuka. Sasa nikisoma jinsi unavyoamka asubuhi ukiwa na kazi ya kufanya, nalala usingizi wa mtu mzima. Waandikie, baba. Waandikie wote.

Mwanao Marta


Youngstown
2 Julai 1991

Mwanangu,

Mimi mzima wa mwili. Nyinyi je?

Barua hii ni fupi. Kuna bwana anaitwa Garrity, wa Columbus, ambaye kazi yake ni kutazama sahihi za wachezaji na kusema hii halisi, hii feki. Ameandika kwenye jarida la wakusanyaji kwamba sahihi zote za Emil Hrabovsky zilizotumwa tangu miaka miwili iliyopita ni za kughushi. Nimekuwekea ukurasa wenyewe ndani ya bahasha. Ameweka picha mbili, ile ya "halisi" na ile ya "kughushi". Ya kughushi ni yangu, Marta. Niliiandika kwenye meza hii.

Kijana wa Indiana amenirudishia kadi yake na ujumbe: "Mzee, ona aibu. Unamlipa nani akuandikie?" Kwa kinyozi wananiuliza, "Emil, leo umekuja mwenyewe au umetuma mtu?" Wanacheka, na mimi nacheka nao. Bi. Vargo amekuja na piroghi, vile vimaandazi vya kuchemsha vyenye kabichi ndani, na mwanamke yule hatoi piroghi bure. Alitaka kuniambia kwa upole kwamba labda mwaka huu nisiketi mezani.

Nilipocheza walinizomea kwa kukosa mpira, na nilistahili. Kuitwa mwongo sijazoea. Nimeacha kutia sahihi. Barua zikija naziteremsha chini ghalani bila kuzifungua.

Baba yako


Tucson
10 Julai 1991

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Nimekasirika mpaka nimevunja kikombe, na kilikuwa cha Ray. Huyo Garrity amekujua lini? Amewahi kukaa nawe hata saa moja?

Nakuomba mambo mawili. Usizirudishe hizo barua, na ule chakula cha mchana, sio mkate na kitunguu. Huo ukurasa wa jarida sijautazama vizuri, nilikuwa nawahi kazini. Jumapili nitakaa nao kisha nikuandikie.

Mwanao Marta


Youngstown
29 Julai 1991

Marta mwanangu,

Hujambo huko? Huku mvua, na mimi nipo.

Ulisema utaniandikia baada ya Jumapili. Jumapili zimepita. Mama anayeleta posta amejua sasa kwamba ninachotaka ni kitu kutoka Arizona tu, ananionyesha mikono mitupu tangu akiwa njiani.

Kama umetazama zile picha ukaona kama alivyoona Garrity, niambie. Nimezitazama mwenyewe mpaka nimeanza kujiuliza kama miaka imenibadilishia mkono. Ile ya "halisi" imeandikwa vizuri sana. Sikumbuki kama nimewahi kuandika vizuri hivyo. Huenda nimezeeka vibaya kuliko ninavyojua.

Watu wote wa mji huu wakiniita mwongo nitavumilia. Wewe ukinyamaza siwezi.

Baba


Tucson
5 Agosti 1991

Baba yangu,

Nisamehe. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, na kama umesimama, kaa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta namna nzuri ya kusema jambo hili. Sijaipata, basi nasema hivyo hivyo.

Mkono wako haujabadilika, na wewe si mwongo. Sahihi ambayo Garrity anaiita halisi ni ya mama.

Niliijua nilipoitazama tu. Ripoti zangu zote za shule zilikuwa na sahihi hiyo, mama akiandika jina lako, kwa sababu wewe ulikuwa zamu ya usiku kiwandani na asubuhi mama hakutaka uamshwe. Ile H iliyofungwa juu, na mkia wa y unaorudi nyuma mpaka chini ya E. Nimezitoa ripoti, nimeziweka kando ya picha, nimemwita na Ray atazame. Ni mkono mmoja.

Kisha nikakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nikirudi shule nilikuwa naikuta meza ya jikoni imejaa kadi zako na mama anaandika. Aliniambia anakusaidia, nikadhani unajua. Kabla hujaamka alikuwa anazichagua chache, anakuwekea karibu na kahawa, ndizo hizo tatu nne za mwezi. Nyingine alikuwa ameshazijibu kwa jina lako na kuzipeleka posta.

Ilikuwa kwa ajili ya vidole vyako, baba. Vilivunjwa na mipira mara nyingi, baridi ikiingia ulikuwa hushiki hata kijiko. Lakini ungeletewa barua mia ungeandika mia, kwa sababu hujui kumnyima mtoto. Mama alilijua hilo kuliko wewe.

Kwa hiyo barua hazikuongezeka alipofariki. Zilikuwa nyingi hivyo miaka yote. Garrity ameona sahihi za mama maelfu na zako chache, ndiyo maana akaona zako ndizo ngeni.

Usimkasirikie. Au mkasirikie kidogo, kisha uniandikie.

Mwanao anayekupenda


Tucson
27 Agosti 1991

Baba,

Unaendeleaje? Sisi wazima, ila mimi usingizi sina.

Nimempigia simu jirani yako. Ameniambia anakuona ukikata nyasi kila siku, hata siku ambazo hakuna nyasi za kukata, na kwamba usiku amekusikia ukigombana na mtu jikoni. Unagombana na nani? Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie jina langu tu kwenye karatasi niuone mwandiko wako.

Mwanao Marta


Youngstown
8 Septemba 1991

Mwanangu kipenzi Marta,

Nakusalimu wewe na Ray kwa moyo mweupe. Mimi ni mzima kabisa, mkono wa kulia tu ndio umevimba, na nitakueleza kwa nini. Usiogope.

Niliyekuwa nagombana naye ni mama yako. Mwambie jirani asiite polisi. Nilisimama mbele ya jiko nikamwambia, "Ludmila, umeniingiza kwenye magazeti. Miaka yote mimi nadhani nimesahauliwa, kumbe wewe unapokea wageni wangu na kuwaaga." Nilidai anijibu. Nilikata nyasi za mbele, nikakata za nyuma, nikakata za jirani. Kisha siku moja nilishindwa kufungua kopo la kahawa kwa hivi vidole, nikakaa chini sakafuni na kulia. Nilipoinuka hasira ilikuwa imeisha.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya maonyesho. Nilivaa shati, na ndiyo, lina mistari. Bi. Vargo aliponiona mlangoni akashika kifua. "Emil, tulikubaliana." "Tulikubaliana nisiketi," nikamwambia. "Nitasimama." Garrity alikuwepo na meza yake na kioo cha kukuzia. Nilidhani ni jitu, kumbe ni kijana mwembamba aliyevaa tai ya kuazima.

Nikachukua kalamu yake nikaandika jina langu mbele ya macho yake. Akainama na kioo chake.

"Mzee, samahani. Hii haifanani."

"Najua haifanani."

"Mkia wa y haurudi."

"Wangu hauna nguvu ya kurudi. Tazama vidole."

Akavitazama, akaweka kioo mezani. Basi nikasema kwa sauti wote wasikie. Nikawaambia sahihi mnazozitunza ni za mke wangu, Ludmila, aliyetutoka, na hizi mbovu mnazozikataa ndizo zangu. Nikasema sikujua, na kama mtu anaona amedhulumiwa aje nyumbani, anajua ninapokaa. Niliogopa, Marta. Sijawahi kuogopa hivyo hata mbele ya watu elfu thelathini.

Kisha mtu mmoja huko nyuma akasema, "Basi mama alikuwa na mwandiko mzuri." Wakacheka, na safari hii nilicheka kweli. Nilihisi kama nimevuliwa vile vifaa vyote vya kudakia, kifuani na magotini, baada ya mchezo mrefu wa Agosti.

Bi. Vargo mwenyewe alinivutia kiti. Garrity amesema atasahihisha kwenye jarida. Alitaka kujua mama yako alikuwa anatumia kalamu gani, nikamwambia yoyote aliyokuwa amenificha mimi. Watu wakapanga foleni na kadi zao za 1955. Walitaka niandike "Ludmila" chini ya ile sahihi yake. Niliandika mpaka kahawa ya kanisa ikaisha. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kuandika jina lake mara nyingi hivyo, hata kwenye kadi za siku yake ya kuzaliwa, ambazo, kama unavyojua, nyingine nilizisahau.

Mwishoni alikuja fundi bomba wa Erie, anaitwa Leonard Tice. Mwaka 1966 alikuwa mtoto, amelazwa majira yote ya baridi kwa ugonjwa wa moyo, akanitumia kadi yangu. Alikuwa nayo, pamoja na barua aliyojibiwa, kwa mwandiko wa mama yako. Akaniuliza kama nataka kuisoma. Nilivaa miwani. Nakunakilia hapa ilivyokuwa:

"Kijana, mimi pia nimelala sana vitandani mwa hospitali, na najua dari lake linavyochosha. Vumilia. Watu huniuliza siri ya kudaka mpira. Siri ni kuwa na mtu nyumbani anayekuona wa maana hata siku uliyokosa. Mimi ninaye. Ananishinda akili na kila kitu, na nampenda sana, ila kumwambia ndiyo siwezi. Wewe msikilize mama yako. Emil Hrabovsky."

Niliisoma, nikairudia. Huyo fundi bomba alisimama tu akinisubiri. Mama yako alijua ninavyompenda, Marta. Aliniketisha kando ya kahawa miaka yote ile akijua, na wala hakunidai neno.

Garrity alinisogelea polepole. "Kwa hiyo na hii, mzee, tuseme si halisi?"

Nikamwomba Tice ruhusa, akaitikia kwa kichwa. Nikachukua kalamu, nikatia sahihi yangu mbovu chini ya ile ya mama yako, maana kila neno lilikuwa langu.

Baba yako