Jibini la Mama Stoyanka

Jumatatu, 3 Oktoba
Mimba imetoka. Asubuhi, bafuni, peke yangu.
Daktari kasema hutokea, sikukosea kitu. Hajui siku nilipopima nililia kwa hasira! Mimi na mume wangu Plamen tulikuwa tunajiandaa kwenda Vienna, kazi ya hoteli. Nilisema moyoni: si sasa. Basi, imenisikia.
Plamen kamwambia mamake, Mama Stoyanka, ni chakula kibaya, nimeharisha. Mambo haya hayasemwi, ananiambia. Kijiji kizima kitajua.

Jumatano, 5 Oktoba
Mama Stoyanka hatulii. Chakula gani? Jumapili tulikula pai yake ya jibini tu! Nilimsikia uani akimuuliza jirani, Ginka, aliyekula nasi, kama naye tumbo lilimsumbua.
"Langu la chuma," Ginka akacheka. "Ila wewe macho yamekwisha, shoga, huoni hata ukungu kwenye jibini!"
Utani tu. Mama hakucheka.
Nilijifunika shuka hadi kichwani.

Alhamisi, 6 Oktoba
Kamwaga jibini lote. Pipa zima — maziwa ya mbuzi wake mwenyewe! Kuku wanadonoa. Nilitazama dirishani, sikushuka. Damu bado.

Jumamosi, 8 Oktoba
Hapiki tena. Anasema mikono yake si ya kuaminiwa. Tunakula mkate na soseji za dukani. Mwanamke huyu ndiye aliyenifundisha kukanda unga, akiniita binti yangu mbele ya watu.
Tumwambie mama ukweli, nikamwomba Plamen. Akasema mama atasahau tu, umri wake.
Yule mdogo sikumtaka. Na huyu sasa namuumiza kwa kunyamaza. Mtu gani mimi?

Jumapili, 9 Oktoba
Kaja chumbani na supu ya kuku.
"Onja, Ivelina mwanangu. Ginka kasimama nami jikoni, kaona kila nilichotia." Halafu, polepole: "Unisamehe. Nilikulisha sumu."
"Mama, si jibini."
"Ni nini basi?"
Plamen alikuwa mlangoni. Kidole mdomoni — nyamaza! Mama akageuka, akakiona kile kidole. Akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi, uso, kisha tumbo.
"Plamen, nenda kawape mbuzi majani."
"Nimeshawapa, mama."
"Wape tena!"
Kaenda. Mama kasema anakwenda kuzima jiko, anarudi, nisilale.
Sijui nitaanzia wapi. Kwamba ilitoka? Au kwamba sikuitaka?
Namsikia anapanda ngazi.