Korongo wa Sura ya Tano

Mke wangu Apolonia,

Tulifundishwa misheni kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, hivyo niwie radhi nikianza na yangu. Ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Wali naupika mwenyewe, na unaungua. Na riwaya yako imetoka.

Binti yetu Editha aliichapisha kabla hatujamaliza mwaka tangu tukuzike, na sasa anaifundisha darasani. Niliisoma kalamu ikiwa mkononi, kama nilivyozisoma barua zako za uchumba, nikisahihisha. Naomba radhi kwa hilo pia. Lakini nilifurahi. Msimulizi wako ni mwalimu mstaarabu. Anakaa na mkewe dunguni msimu mzima, ng'ambo ya mto, akifukuza ndege kwenye mpunga. Na mtoto anapopata homa, anawavusha kwa mtumbwi hadi Kivukoni, kafi mikononi mwake mwenyewe. Nililia. Nikamwambia binti yetu, "Mama yako amenitendea haki."

Akacheka kile kicheko chako kisicho na sauti. "Baba, huyo msimulizi haaminiki. Hujamwona korongo?"

Sikumwona. Akanionesha. Kila mwalimu yule anaposema uongo, korongo anapita ukurasani: juu ya mto, juu ya paa, mara moja kwenye khanga. Ni dokezo la hadithi ya mama yako mzazi, ya korongo aliyewaapia ndege wenzake kwamba siku ya mafuriko alisimama majini kulinda mayai ya wote, hadi bata akamuuliza, "Mbona miguu mikavu?" Mama alipoisimulia mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilidhani ni ya watoto. Katika sura ya tano, ile ya mtumbwi, ndege huyo yumo kila ukurasa.

Kweli yenyewe unaijua: ulikaa dunguni peke yako na mwanetu Agapiti, kwa sababu nilisema haifai mwalimu aonekane akifukuza ndege. Mimi nilikuwa nyumbani Katindiuka, mlango nimeufunga, najisomea mtihani wa kupandishwa cheo. Majirani wote walikuwa wamehamia mashambani, kama ilivyo kila msimu, hivyo hakuna aliyeniona. Mvuvi ndiye aliyekuvusha. Mtoto alikata roho kabla hamjafika ukingoni. Msibani nikawaambia watu kwamba nilikuwa mwisho wa shamba, kwamba kafi nilishika mimi. Kisha, mbele ya ndugu zako, nikakuuliza kwa nini ulichelewa kuniita. Mvuvi alinyamaza, kwa heshima ya mwalimu. Wewe ulinitazama, ukajifunga khanga upya. Hukunijibu miaka yote ile. Kumbe ulikuwa unaandika.

Editha aliniuliza mara moja tu: "Baba, ulikuwepo?" Nikamjibu kwa upole kwamba mama yake alikuwa mtunzi, na watunzi hubuni.

Mji wetu nao umejifunza kusoma. Juzi sokoni Mama Sesilia alinipigia kelele kutoka kwenye magunia yake ya mchele: "Shikamoo, mwalimu! Leo umekanyaga tope, au miguu mikavu?" Wenzake wakaangua kicheko. Niliitikia marahaba, na, nisamehe, nikavitazama viatu vyangu.

Ndipo Editha, kwa adabu zote, akaniomba niandike dibaji ya toleo la pili. Nilidhani amenisamehe. Niliandika kwa siku nne: kwamba nilikuwa kando yako katika kila dhiki, kwamba sura ya tano ni kumbukumbu ya maumivu yetu sote wawili. Aliisoma akiwa amesimama.

"Asante, Baba. Nilitaka kuona utasema nini ukipewa karatasi yako mwenyewe. Hii si dibaji. Hii ni sura ya mwisho."

Ataichapa hivyo hivyo, jina langu chini yake, bila kugusa hata nukta. Amesema akitaka mtu kumjua msimulizi wako, hana haja ya mwalimu wa fasihi tena. Ameniachia mlango mmoja: nikimletea nyingine iliyo ya kweli, hii ataichana.

Nimejaribu, Apolonia. Kila sentensi inaanza kunitetea kabla sijaifikisha mwisho. "Ingawa nilikuwa mbali…" "Kwa desturi za wakati ule…" Nimeyachoma makaratasi yote. Hii ya uongo, acha ichapwe. Umenishinda, na umenishinda kwa kunikopesha sauti yangu mwenyewe.

Lala salama, mke wangu. Sina haki ya kukuomba uniombee, wala sikuombi. Siku ya kukizindua kitabu wataniita mbele, mgane wa mwandishi, ili nitoe neno la shukrani. Nakuahidi kwamba sitashika karatasi. Nitamtazama Editha, nao watu wote wakisikia, nitamwambia: mimi sikuwepo, na mama yako hakuchelewa.

Mumeo,
Severini